Tairi Kubwa Si Dawa ya Tope

Katika mkutano wa wazazi wa muhula huu lilitolewa pendekezo ambalo tangu siku ile limekuwa gumzo mabwenini, jikoni na hata katika ofisi ya waalimu. Pendekezo lenyewe ni hili: kwa kuwa gari letu la shule, ile Land Rover 110, hukwama kila masika katika tope jeusi la bondeni, basi fedha walizochanga wazazi zinunue matairi makubwa, yale mapana yanayoonekana katika magari ya vijana wa mjini. Wengi walipiga makofi. Mwanafunzi hana sauti katika mkutano wa wazazi, na hivyo ndivyo inavyofaa. Lakini gazeti hili ni la wote, na kwa heshima zote naomba nieleze humu kwa nini naona jambo hilo lisifanywe.

Kwanza nikiri kwamba waliotoa wazo hilo hawakulitoa kwa upuuzi. Gari lile ndilo linalompeleka mgonjwa hospitali usiku. Ndilo linaloleta unga na maharage. Likikwama bondeni, sote twalala na wasiwasi. Kwa hiyo shida ni ya kweli, na mwenye kutafuta dawa yake anastahili shukrani. Ninalouliza mimi ni moja tu: je, dawa hii yatibu ugonjwa, au yaleta ugonjwa mwingine ulio mkubwa kuliko ule wa kwanza? Wazee walisema, kata pua uunge wajihi. Nachelea tusije tukakata pua.

Hebu tuanze na vipimo, maana mabishano yasiyo na vipimo ni kelele. Ukitazama ubavuni mwa tairi la gari letu utaona imeandikwa 235/85R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu wake, nao ni sehemu 85 katika 100 za upana ule. Herufi R yaonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Mwanafunzi wa Kidato cha Pili aweza kupiga hesabu hiyo: ubavu wa juu na ubavu wa chini pamoja ni kama milimita 400, rimu ni milimita 406, jumla yake 806. Matairi yanayopendekezwa ni 315/75R16. Piga hesabu ile ile, utapata kipenyo cha milimita 879. Basi tairi jipya limezidi la zamani kwa milimita 73, yaani kama sehemu 9 katika 100.

Sehemu 9 katika 100! Mtu atacheka na kusema, hilo nalo ni jambo? Tungoje kidogo.

Tuanze na faida, ili tusiitwe wabishi. Gari hukaa juu ya ekseli, na ekseli iko katikati ya gurudumu. Kwa hiyo kipenyo kikiongezeka kwa milimita 73, gari huinuka kwa nusu yake tu, yaani milimita 36 au 37, karibu upana wa vidole viwili. Hii ndiyo faida ya kweli ya tairi kubwa, na haiwezi kupatikana kwa njia ya kuinua springi. Maana katika gari kama letu kitu kinachogusa mawe kwanza ni kile kisanduku cha difu kilicho katikati ya ekseli, na springi hata ukiziinua haziinui difu. Hivyo mwenye kusema kwamba tairi kubwa hulipisha gari juu ya mawe, amesema kweli. Lakini sisi hatukwami juu ya mawe. Sisi twakwama topeni, na vidole viwili katika tope la magoti si kitu.

Sasa tuangalie gharama zake, na namba hizo 9 tuzifuate kila ziendako.

Zinaenda kwanza kwenye kipimamwendo. Kifaa hicho hakijui kilomita wala barabara. Chajua kuhesabu mizunguko tu. Tairi la zamani likizunguka mara moja gari huenda mita 2.53. Tairi kubwa likizunguka mara moja gari huenda mita 2.76. Kipimamwendo kitaendelea kuhesabu kama zamani, na kitamwambia dereva kwamba anakwenda kilomita 50 kwa saa, kumbe anakwenda 54 na nusu. Kitamwambia 80, kumbe ni 87. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya vyombo hivyo zasema kipimamwendo kisionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya mwendo wa kweli. Ndiyo sababu watengenezaji huviweka vizidishe kidogo, kwa ajili ya usalama. Tairi kubwa hula akiba hiyo yote, na baada ya hapo dereva mwaminifu huvunja sheria bila kujua. Hapa Tanzania mwisho wa mwendo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Askari mwenye tochi yake barabarani hataki kusikia habari za kipenyo cha tairi. Yeye huamini tochi.

Zinaenda pili kwenye kitabu cha safari. Kila kilomita 100 zitakazokwendwa kwa kweli, kitabu kitaandikwa 92 tu. Matairi yenyewe ni mazito zaidi na mapana zaidi, kwa hiyo na dizeli itaongezeka. Basi tazameni hali itakavyokuwa: kilomita zimepungua kitabuni, lita zimezidi. Mkaguzi wa hesabu akija atasemaje? Hataitazama tairi, atamtazama dereva. Mzee wetu aliyeendesha gari lile miaka yote bila doa ataulizwa dizeli imekwenda wapi. Na tena muda wa kubadili oili utapita bila mtu kujua: kitabu kikisema kilomita 5,000, injini imekwisha kwenda karibu 5,450.

Zinaenda tatu kwenye nguvu ya kuvuta. Katika somo la nyenzo tulifundishwa kwamba mkono mrefu wa wenzo hubadili nguvu. Gurudumu nalo ni wenzo. Injini huzungusha ekseli, na nguvu inayofika ardhini hupungua kadiri tairi linavyorefuka kutoka katikati hadi chini. Kwa tairi lile nguvu itapungua kwa zaidi ya sehemu 8 katika 100. Kwenye lami tambarare hutaona sana. Lakini mwenye kupanda Kitonga, au Sekenke, au ile barabara ya kwenda Lushoto akiwa na mzigo, ataona. Mahali alipopanda kwa gia ya tatu atarudi ya pili. Klachi itakula, injini itapata joto. Na je, topeni? Huko ndiko tunakohitaji nguvu kuliko kote, na huko ndiko tutakuwa tumeipunguza.

Zinaenda nne kwenye breki, na hapa naomba msomaji asisome haraka.

Breki hushika karibu na ekseli. Ardhi hulisukuma tairi huko chini kabisa. Tairi likiwa kubwa, ardhi imepata mkono mrefu zaidi wa kushindana na breki ile ile. Kwa hiyo dereva akikanyaga pedali kwa nguvu alizozizoea, gari litapungua mwendo kwa uhafifu zaidi, kwa kiasi kile kile cha sehemu 8 hivi. Na wakati huo huo, kama tulivyoona, mwendo wake wa kweli ni mkubwa kuliko anavyodhani. Na nguvu iliyomo ndani ya gari linalokwenda hufuata mraba wa mwendo. Zidisha mwendo kwa 9 katika 100, nguvu hiyo imezidi kwa karibu 19 katika 100. Hasara mbili zimeshikana mikono.

Tuchukue mfano. Tuseme breki za gari letu, kwa mkanyago wa kawaida, hupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Tuseme tena kipimamwendo chake ni sawasawa kabisa. Katika kilomita 50 kwa saa gari lenye tairi la zamani litasimama baada ya mita 19 tangu breki kushika. Likiwa na tairi kubwa, dereva yule yule, akiona mshale ule ule wa 50, na kukanyaga vile vile, atasimama baada ya mita 25. Zimezidi mita 6. Katika 80 zitakuwa mita 49 kwa tairi la zamani na mita 64 kwa jipya. Zimezidi 15.

Atatokea mtu aseme kwamba dereva ataongeza nguvu ya mguu. Kweli, kwenye barabara kavu na breki nzuri aweza kuongeza, maana breki bado zina akiba. Lakini mguu huongeza baada ya kuona kwamba gari halisimami, na katika kuona huko mita zimekwisha kwenda. Na kwenye mteremko mrefu, breki zikiisha kupata moto, akiba hiyo haipo tena.

Mita 6 ni nini? Ninyi nyote mwajua kivuko kilicho mbele ya lango letu, ambapo watoto wa shule ya msingi huvuka asubuhi na mchana. Tangu kingo moja ya barabara hata nyingine hazifiki mita 8. Gari lililotakiwa kusimama hatua chache kabla ya kivuko, litasimama hatua chache baada yake. Sina haja ya kueleza zaidi. Kama hoja zangu nyingine zote mwaziona hafifu, naomba hii moja msiiache.

Ziko hasara nyingine ambazo hazihitaji hesabu. Tairi la upana wa milimita 315 halivai rimu nyembamba tuliyo nayo. Lataka rimu ya inchi 8 au zaidi, kwa hiyo mchango utalipa matairi matano na rimu tano. Nasema tano kwa sababu tairi la akiba lazima liwe sawa na mengine. Ukichanganya kubwa na dogo katika ekseli moja, difu hufanya kazi wakati wote hata kwenye njia iliyonyoka, na mwisho huharibika. Tena usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi pana hukwaruza vyuma vya chini na madigadi. Fundi hulazimika kufupisha mkato wa usukani, na gari lililogeuka mara moja sasa litageuka kwa kurudi nyuma mara mbili. Uzito wa gurudumu nao hula beringi na viungo vya usukani. Na gari likiinuka, moyo wa uzito wake huinuka pia. Upana wa rimu mpya husaidia kidogo, lakini gari refu lililojaa wanafunzi na magodoro si la kuinuliwa bila kufikiri.

Sasa nirudi kwenye tope lenyewe, maana ndilo lililoleta maneno yote haya. Watu hudhani tairi pana ndilo bora topeni. Si kila tope. Kwenye mchanga mwingi, kama pwani, upana hufaa, kwa sababu mchanga hauna sakafu karibu na tairi lapaswa kuelea. Lakini udongo wetu wa bondeni ni ule mweusi unaonata. Juu huwa uji, na chini yake, kwa kina kisichofika goti, pana ardhi ngumu. Hapo tairi jembamba lenye meno marefu hukata uji ule, likafika chini na kushika. Tairi pana huelea juu yake kama mtumbwi, likazunguka bila kwenda, huku meno yake yamejaa udongo hata likawa laini kama chungu. Wakulima wenye matrekta wanajua jambo hili: nguvu bila mshiko ni kuchimba shimo lako mwenyewe.

Wapo wanaotumia matairi makubwa kwa haki, na tuwataje. Huko Aisilandi, nchi ya barafu karibu na ncha ya kaskazini, mafundi wamezoea kufunga matairi ya inchi 38 na zaidi katika magari ya kupita juu ya theluji. Mwaka 2007 gari la Toyota Hilux lililotengenezwa na mafundi wa huko lilisafiri juu ya bahari iliyoganda ya kaskazini mwa Kanada. Lakini angalieni walivyofanya. Theluji haina sakafu, kwa hiyo wao hutaka kuelea, na hupunguza upepo wa tairi hata likawa karibu limelala. Tena hawabadili tairi peke yake. Hukata madigadi, hubadili meno ya difu ili nguvu irudi, hurekebisha kipimamwendo, ndipo gari linaposafiri. Usione vyaelea, vimeundwa. Vijana wa mjini wameona tairi, hawakuona kazi iliyofanywa nyuma ya tairi.

Na hapa ndipo palipo kiini cha maoni yangu. Gari ni kama kwaya: kila sauti imepimwa kwa nyingine. Mhandisi alipochagua tairi la milimita 806 alikuwa amekwisha kupima difu, breki, usukani, springi na kipimamwendo kwa tairi lile. Atakayebadili kimoja na kuviacha vingine hakulitengeneza gari, amelivuruga. Atakayevibadili vyote kwa akili, huyo simlaumu. Lakini fedha zetu hazitoshi kuvibadili vyote, na shida yetu haivihitaji.

Basi tufanye nini? Mtu anayepinga bila kupendekeza ni mzigo kwa wenzake. Napendekeza mambo manne.

La kwanza, tununue matairi matano mapya ya kipimo kile kile cha 235/85R16, lakini ya meno makubwa ya topeni, yaliyo wazi ili yajisafishe yenyewe. Yaliyopo sasa yamekaribia kuwa vipara, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukwama kwetu. Wakati wa kununua, tutazame zile tarakimu nne za mwisho ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka wa kutengenezwa, tusiuziwe tairi jipya lililozeeka ghalani.

La pili, upepo upimwe kila juma, asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Mahali pabaya mno dereva aweza kuupunguza kidogo ili tairi lilale na kushika kwa urefu, lakini akifika kwenye lami aujaze tena kabla ya kwenda mbio.

La tatu, gari lisitembee masika bila sepetu mbili, kamba ya kuvutia na mbao mbili imara za kuweka chini ya magurudumu. Vitu hivi kwa jumla ni rahisi kuliko rimu moja.

La nne, na ndilo kubwa kuliko yote, tuitengeneze njia. Sehemu inayotukwamisha haizidi hatua mia mbili. Maji hukaa pale kwa sababu mtaro umeziba na kalavati limejaa mchanga. Sisi wanafunzi tu mamia, na Jumamosi moja ya kazi ya kujitolea, pamoja na wazazi wenye matoroli na majembe, yaweza kuzibua mtaro ule na kujaza mawe mahali palipodidimia. Fedha zitakazobaki katika mchango zilipe saruji ya kalavati. Kazi hiyo ikifanywa, hata mama anayeuza ndizi sokoni atapita, na baiskeli itapita, na gari la wagonjwa la zahanati litapita. Tairi kubwa lingemvusha mmoja. Njia nzuri huwavusha wote.

Naambiwa kwamba gari lenye matairi makubwa lingeleta sifa kwa shule yetu. Sifa ya gari ni kufika salama na kurudi salama. Wazazi wetu walichanga kwa jasho ili watoto wao wafike hospitali usiku wa mvua, nao hawakutaja umbo la gari. Naomba kamati ikutanapo mwanzo wa muhula ujao iyatazame mapendekezo haya pamoja na lile la kwanza, na hesabu zangu zipitiwe na mwalimu wa fizikia. Mwenye hoja iliyo kinyume na yangu na aiandike katika toleo lijalo, nami nitaisoma kwa furaha, mradi aje na vipimo.

Mwanafunzi, Kidato cha Sita